Katekista na Kopo la Nne

Rugu nzima ilimwita Katekista. Hata sisi Walutheri tulimwita hivyo, hata wale ambao hawakuwa na kanisa lolote. Jina lake ninalijua, lakini kwa miaka yote niliyoishi pale sidhani kama nililisikia likitajwa mara tatu. Mkewe mwenyewe alikuwa akiita kutoka jikoni, "Katekista, maji yako yanapoa," naye akiitika kama mtu aliyeitwa na ofisi.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka. Kichwa chake kilielemea bega la kushoto, ungedhani kuna mtu mfupi anamnong'oneza. Miwani yake ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa baiskeli. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu, uongo. Kuna mzee mmoja, mtu mwenye wajukuu, alimwambia ameshika sala zote za ubatizo, kumbe hajashika. Katekista alimrudisha nyumbani mara tatu, na mara ya tatu akamsindikiza mpaka mlangoni huku wakizikariri pamoja njia nzima. Na siku moja alimwambia mama mmoja wa Kituntu, kijiji cha jirani, kwamba ibada ya maziko itaanza saa tisa. Alipogundua kuwa ni saa nane, hakumtuma mtu. Alitembea mwenyewe kwa miguu, akamkuta mama anamenya ndizi, akamwambia, "Nilikudanganya bila kujua. Ni saa nane. Nisamehe." Akageuka akarudi.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa akituonyesha filamu ya watekaji.

Nilifika Rugu kufundisha shule ya msingi mara tu baada ya vita. Mimi ni mtu wa Muleba, Kinyambo, lugha ya pale, nilikuwa nakifahamu nusu nusu kwa kuwa kinakaribiana na Kihaya chetu. Nilikuta parokia ina projekta. Padri mmoja wa kigeni, aliyekwisha kurudi kwao, aliiacha pamoja na makopo ya bati yenye mikanda. Nyingi zilikuwa filamu za watakatifu, moja ya mbu na malaria, moja ya kuchimba choo. Katika makopo manne yaliyoandikwa kwamba yana safari ya mahujaji ndimo ilimokuwa ile ya watekaji kwenye kivuko. Nani aliiweka humo, kwa makosa au kwa hila, hakuna aliyejua. Paroko mpya aliitazama mara moja akasema, "Mradi hakuna kubusiana, waonyeshe." Kwa hiyo kila baada ya miezi miwili hivi, Jumapili baada ya misa ya pili, Katekista alikuwa anaziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi na magunia ya kahawa, anatundika shuka jeupe, anavuta kamba ya jenereta, na watu wa Rugu, saa saba mchana, wanaingia gizani.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Katika nchi fulani ya baridi kulikuwa na ziwa, na katika ziwa kivuko kilichobeba watu arobaini. Katikati ya maji wanaume watatu wanatoa bunduki. Kiongozi wao ana ndugu gerezani ambaye atanyongwa kesho yake. Anataka ndugu huyo aachiwe, la sivyo abiria watatupwa majini mmoja mmoja. Nahodha ni mzee mwenye kikohozi. Miongoni mwa abiria yumo bibi mmoja aliyebeba kikapu, asiyesema neno tangu mwanzo. Basi. Hakukuwa na rangi, na bunduki zililia mara mbili tu katika filamu nzima.

Bunduki hazikuwa kitu cha sinema kwa watu wale. Vita vilikuwa vimepita karibuni, walikuwemo waliozisikia kwa masikio yao, na wengine walizisikia zamani zaidi, walipokuwa wanakimbia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kiongozi wa watekaji alipotoa bastola ndani ya koti, ukumbi wote uliinama. Nilijikuta nimeinama na mimi.

Katekista alisimama kando ya shuka na tete refu mkononi, akitafsiri. Kiswahili kwanza, halafu Kinyambo, na mara nyingine Kinyarwanda kwa ajili ya wazee wawili waliokaa mbele. Hakuigiza sauti. Aliongea kwa sauti ile ile ya mafundisho ya dini, taratibu, akimgusa kila anayesema kwa ncha ya tete. "Huyu anasema: sina ugomvi na nyinyi. Huyu anamjibu: mwenye ugomvi na mimi hanielekezei bunduki, ananiambia. Huyu sasa amenyamaza. Mwacheni anyamaze." Na watu walimwacha anyamaze! Zaidi ya watu mia mbili, na watoto migongoni, hakuna aliyepiga hata chafya.

Mimi nilikuwa najua Kiingereza. Siku ile ya kwanza nilikaa nikishangaa, kwa sababu nahodha hakuwa amejibu maneno yale. Alichosema ni kwamba mafuta ya mashine yanakaribia kwisha.

Mkanda wa tatu ulipomalizika, Katekista alizima jenereta. Blanketi moja likatolewa dirishani, mwanga ukaingia. Watu hawakusimama. Katekista aliweka tete chini, akafunga mikono nyuma, akasema, "Na sasa mwisho." Akausimulia. Nahodha anazima mashine. Kivuko kinatulia, hakuna sauti isipokuwa maji. Nahodha anamwendea kiongozi, anamwambia, "Ndugu yako hatatoka. Hilo unalijua tangu asubuhi. Lakini wewe unaweza kushuka hapa ukiwa mtu." Kiongozi anatazama maji muda mrefu. Kisha anaiachia bunduki ianguke ziwani. Kivuko kinafika ufukweni, abiria wanashuka, nahodha anawahesabu, wanatimia arobaini. Kina mama walifuta machozi. Watu wakatoka nje wakibishana.

Nilibaki kumsaidia kukunja mablanketi.

"Katekista, kwa nini mwisho hukuuonyesha?"

Alinitazama, kichwa begani. Akaenda kwenye sanduku la makopo, akafungua kopo la nne, akanionyesha. Lilikuwa tupu. Ndani kulikuwa na kutu na mdudu mkavu.

"Lilikuja hivyo hivyo," alisema.

"Kwa hiyo hujui filamu inaishaje?"

"Sijui, Mwalimu."

"Lakini unawaambia watu."

Alikunja blanketi lake mpaka likawa dogo kama kitabu. "Mara ya kwanza niliwaambia imeishia hapo. Hawakutoka. Walikaa mpaka jua likaelekea kuzama, wanawake hawakwenda kupika. Mzee mmoja akaniambia, waitu, ndugu yetu, huwezi kutuacha majini na watu wenye bunduki. Nikaona ni kweli. Nikawafikisha nchi kavu."

Nilimweleza, kwa adabu, kwamba hata katikati maneno yake hayakuwa ya filamu. Nilidhani atakasirika. Alivuta benchi akakaa, akaniomba nimfundishe. Jumamosi iliyofuata tuliitazama sisi wawili, mimi nikimtafsiria neno kwa neno, naye akiandika katika daftari la ubatizo upande wa nyuma. Tulipomaliza alifunga daftari, akanishukuru sana. Jumapili ya filamu iliyofuata nilikaa mbele nikisubiri. Alisahihisha kitu kimoja tu. Nahodha alipofungua mdomo, Katekista alimgusa kwa tete akasema, "Huyu anasema mafuta yanakaribia kwisha. Lakini mtazameni uso, kuna jingine analolisema." Kisha akalisema lile jingine.

Nilimuuliza baadaye ni kwa nini. Alisema, "Maneno yao nilikuwa siyajui yote. Nyuso zao nilikuwa nazijua." Sikubishana tena. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule na nimekaa mbele ya walimu waliosoma kunipita, na bado ninapomkumbuka amesimama kando ya lile shuka ninahisi kama mtu aliyesimama karibu na moto.

Projekta aliitunza kama mgonjwa. Alipaka vyuma vyake mafuta ya cherehani, akafuta kioo chake kwa pamba ya zahanati, na mkanda wa kuzungushia ulipokatika aliutengeneza mwingine kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Lakini mtu huyo aliyejua kila wimbi la lile ziwa alikuwa anaogopa maji. Hakuwahi kupanda chombo chochote. Mto wa kufika magotini aliuzunguka, hata kama ni kwa kutembea nusu saa zaidi. Alikuwa anajicheka mwenyewe kwa hilo.

Sasa niseme kilichompata barabarani.

Ilikuwa miaka ya tisini, barabara ya kwenda Biharamulo ilipokuwa na majambazi. Siku nyingine mabasi yalisindikizwa na polisi, siku nyingine hayakusindikizwa. Katekista alikuwa anakwenda kumwona dada yake. Yeye hakunisimulia. Nilisimuliwa na mama mwingine wa Kituntu aliyekuwa ndani ya basi lile na mtoto wa miezi mitano.

Saa tatu asubuhi walikuta gogo limelazwa njiani, kwenye msitu. Wakatokea wanaume wanne, nyuso wamezifunika kwa masweta. Abiria wakaamriwa kushuka na kulala kifudifudi kando ya barabara. Watatu wakaanza kupekua mizigo, mmoja akabaki akiwalinda. Mtoto alikuwa analia, na alilia kwa namna ambayo hata mama mwenyewe alitamani azibe masikio. Yule mlinzi akaja akasimama juu yao.

"Mnyamazishe huyo."

Mama alijaribu. Mtoto akazidi kulia.

"Nimesema mnyamazishe. Sirudii."

Hapo, mama alisema, alisikia sauti ya mzee kutoka pembeni, taratibu kabisa. "Mwanangu, naomba nimchukue mimi. Mama anaogopa, na mtoto anaogopa kwa sababu mama anaogopa."

"Lala chini, mzee."

"Nitalala. Mtoto akinyamaza nitalala."

Akasimama. Yule jambazi akamwelekezea bunduki. Katekista akamchukua mtoto, akamweka begani, akaanza kutembea. Alikwenda hatua kama ishirini, akageuka, akarudi, akipita katikati ya watu waliolala, na yule kijana wa bunduki akamfuata nyuma kila hatua, mdomo wa bunduki ukikaribia kumgusa mgongoni. Mtoto akapungua, akanyamaza. Katekista hakulala. Aliendelea kutembea mpaka wale watu walipomaliza kupekua na kuingia msituni.

"Na nikuambie kitu, Mwalimu," yule mama aliniambia, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka chini. Sote tuliona. Na yeye alijua tunaona. Lakini alitembea."

Aliporudi Rugu watu walitaka filamu ya kivuko. Nadhani walitaka kumheshimu, na hawakujua njia nyingine. Alionyesha mikanda mitatu kama kawaida. Alizima jenereta, mwanga ukaingia, watu wakasubiri. Aliweka tete chini, akafunga mikono nyuma.

"Mwisho siujui," alisema. Akaanza kukunja shuka.

Watu walidhani amechoka, wakatoka polepole. Nilimfuata sakristia, chumba cha mavazi ya padri.

"Nilikuwa nawaambia," alisema bila kunitazama, "kwamba yule mtu aliacha bunduki kwa sababu nahodha alimpa neno zuri. Mimi nimemtazama mtu wa namna ile machoni, Mwalimu. Nilitafuta neno. Sikulipata. Nilikuwa na mtoto tu begani."

"Lakini hakupiga risasi."

"Hakupiga. Na sijui kwa nini hakupiga. Sasa nitawaambiaje watu kwamba najua?"

Hakuusimulia mwisho tena. Alionyesha filamu mara mbili tatu nyingine, ikiishia majini, na watu wakapungua. Kisha unyevu ukaila mikanda, taa ya projekta ikaungua, na hakuna aliyejua pa kupata nyingine. Mkewe alipofariki, Katekista alihamia kwa binti yake, karibu na Rubwera.

Nami nilipata uhamisho kwenda huko huko. Wakati ule Rubwera palikuwa na maduka machache na banda moja la video, la mabati, lenye televisheni na deki iliyoendeshwa kwa jenereta. Mimi si mtu wa mabanda ya video. Niliingia siku moja kumtafuta mwanafunzi mtoro, nikakuta filamu ndiyo inaanza. Kwenye kioo likatokea jina la filamu yetu ya kivuko, na chini yake maandishi kwamba imetokana na filamu ya zamani yenye jina hilo hilo. Nilisahau kilichonileta. Nilimuuliza mwenye banda kama kaseti ni nzima na wataionyesha tena lini, nikaenda moja kwa moja kwa binti wa Katekista.

Nilimkuta Katekista anachambua maharage. Alikuwa amezeeka, mikono imekuwa myembamba, lakini vifungo vilikuwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba, Mwalimu. Mbona unahema?"

"Ile ya kivuko. Wameitengeneza upya. Wataonyesha tena kesho saa nane."

Aliweka ungo chini. "Na mwisho upo?"

"Upo. Kaseti ni nzima."

Kesho yake tulikaa benchi la pili. Nilikuwa na hofu ambayo siwezi kuieleza vizuri, kama mtu anayempeleka mzazi wake hospitali. Filamu ilikuwa na rangi. Kivuko kilikuwa kimegeuka meli ya ghorofa tano, yenye bwawa la kuogelea juu. Watekaji walikuwa kumi na wawili. Nahodha alikuwa kijana mwenye kifua kipana, hakohoi. Risasi zilianza kabla sijakaa vizuri na hazikukoma. Nilijaribu kumtafsiria sikioni, akanishika mkono kwa upole kuniambia haihitajiki.

Katikati alininong'oneza, "Maji yao ni mazuri. Ya kwetu yalikuwa kama uji." Baadaye kidogo, "Bibi wamemwondoa." Nilitazama, kweli hakuwepo. Mahali pake palikuwa na msichana mzuri aliyepiga kelele. Na kiongozi wa watekaji hakuwa na ndugu gerezani. Alitaka dhahabu iliyokuwa melini.

"Hapo wamejirahisishia," Katekista alisema. "Mtu anayetaka dhahabu, ukimuua, watu watakwenda kula chakula chao vizuri. Yule wa kwetu alikuwa anamtaka ndugu yake."

Mwisho ulifika. Nahodha alimpiga kiongozi risasi, meli ikalipuka, moto ukapanda mpaka juu ya kioo, nahodha na msichana wakaruka majini. Banda zima likapiga makofi. Mwenye banda alizima televisheni akaanza kurudisha kaseti mwanzo.

Katekista hakusogea. "Kwa hiyo ndivyo inavyoisha," alisema.

"Hii mpya ndivyo inavyoisha. Ile ya zamani hatujui."

"Ni kweli, hatujui." Akavua miwani. "Zote mbili, Mwalimu, hakuna hata mtu mmoja aliyejikojolea."

Benchi la nyuma yetu kulikuwa na mwanamke wa makamo, anauza vitenge pale Rubwera. Alikuwa mtu wa Rugu, nilimjua tangu alipokuwa msichana wa kwaya. Aliinama mbele akamsalimu, kisha akasema kwa uchungu kabisa, "Katekista, hawa wameiharibu. Mwisho siyo huu. Sisi tuliuona mwisho."

Katekista alivaa miwani, akageuka pale benchini kumtazama. Nilijua atakachosema, na niliogopa kwa ajili yake.

"Mwanangu, hamkuuona. Kopo la nne lilikuwa tupu. Mwisho ule niliutunga mimi, niliwasimulia kwa mdomo. Nilipaswa kuwaambia siku nyingi. Mnisamehe."

Yule mwanamke alicheka, kama mtu aliyetaniwa. "Usinidanganye, Katekista. Niliuona kwa macho yangu. Nilikaa mbele, karibu na tete lako."

"Uliona nini?"

"Niliona wanashuka. Ufukweni kuna mawe, yanateleza. Yule bibi wa kikapu amefika ukingoni anaogopa kuruka. Na yule kiongozi, hana bunduki tena, anarudi nyuma anamshika mkono anamshusha."

Katekista hakuwahi kutuambia hivyo. Bibi hakuwemo kabisa katika mwisho wake, nina hakika, niliusikia mara nyingi. Nilimtazama. Alikuwa amesogea mpaka ncha ya benchi, kichwa begani, mdomo wazi kidogo. Wateja wa filamu iliyofuata walikuwa wameanza kuingia, na mwenye banda alikuwa anatuashiria tutoke.

"Alimshika mkono upi?" Katekista aliuliza.

"Wa kushoto," alisema yule mwanamke bila kufikiri. "Wa kulia alishikia kikapu."

"Hakusema neno?"

"Nani?"

"Kiongozi. Hakumwambia bibi neno lolote?"

"Hapana. Alimshusha tu."

Katekista aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Machozi yalikuwa yanateremka chini ya miwani naye hakuyafuta. Mwenye banda alikuja akasimama mbele yetu, akaanza kusema kwamba muda wetu umekwisha, kisha alipomwona mzee akarudi mlangoni.

"Halafu?" Katekista alimwambia yule mwanamke. "Endelea. Halafu ikawaje?"